Hakusoma, Ni Mulimaji

Jumatatu ya tarehe ishirini Mei, mwaka wa 2024, kabla ya saa nne asubuhi, mambo ya nyumba ya Kalume yaliharibika. Watu wa Kashojwa wanaikumbuka siku hiyo kwa sababu nyingine: maji ya bomba yalikatika tangu alfajiri na wanawake wakapigana kwa madumu. Kalume anaikumbuka kwa ajili ya kompyuta ya Madamu Kyomuhendo, afisa wa kambi ya wakimbizi. Madamu aliigeuza taratibu juu ya meza, kama mtu anayemgeuzia mgeni sahani ya chakula kilichooza, ili Pélagie, mke wa Kalume, asome mwenyewe kilichoandikwa.

"Soma, nyabo," alisema Madamu. "Si unasema umesoma? Soma."

Pélagie akasoma. Kiingereza alikuwa amejifunzia hapo hapo kambini, ukubwani, kwenye vitabu vya watoto wake. Alisoma midomo ikitikisika, halafu midomo nayo ikatulia.

"Inasema nini?" Kalume aliuliza.

"Inasema mimi ni mulimaji," mkewe alijibu bila kumtazama. "Sikusoma hata siku moja. Chini kuna kidole changu."

Kyomuhendo alikuwa na miaka ishirini na nane hivi, koti lake limepigwa pasi, kucha zimepakwa rangi. Aliweka mbele yake makaratasi mawili waliyomletea, akayapanga sambamba kwa ncha ya kalamu asiyaguse kwa mkono.

"Sasa mnisikie. Hii ya chuo cha Mbarara inataka niandike kwamba huyu mama ni mkimbizi wetu, tunamjua, na masomo yake tunayajua. Hii diploma inasema alisoma uuguzi miaka minne huko Kongo. Lakini faili yetu inasema mama hajui hata kuandika jina. Moja inadanganya. Kama ni diploma, hiyo ni kesi ya polisi. Kama ni faili, basi mlidanganya serikali. Na watu wa kudanganya serikali hawapandi ndege."

Ndege aliyoitaja ilikuwa ya Kanada. Kaya ya Kalume, yeye na mke na watoto watatu, ilikuwa imekwisha kuhojiwa mara tatu na Wazungu wa Kanada. Kilichobaki kilikuwa kupimwa afya tu.

"Madamu," Kalume alisema, "ile ilikuwa zamani."

"Kompyuta haina zamani, mzee."

"Sasa tufanye nini?"

"Nileteeni ukweli. Halafu tutaona mambo ya barua."

"Mpaka lini?"

"Barua yenu ndiyo inasema Ijumaa, saa kumi na moja. Siyo mimi." Akainua uso kumtazama askari wa mlangoni. "Mwingine."

Zamani hiyo ilikuwa mwaka wa 2012, siku ya tatu tangu washuke kwenye lori. Kwenye foleni ya kuandikishwa ilipita habari moja, mdomo kwa mdomo, na hakuna aliyejua ilikotoka: usiseme umesoma. Wazungu wanachukua wanyonge kwanza. Mwenye diploma ataambiwa anaweza kujilisha, abaki. Wakubwa waliisikia habari hiyo, maana ilisemwa mbele ya meza zao, na hakuna hata mmoja aliyesimama juu ya kiti akatangaza kwamba ni uongo. Basi walimu wakawa wavuvi, wahasibu wakawa wachunga mbuzi. Zamu ya Kalume ilipofika, karani aliuliza, mkalimani akageuza, na Kalume akajibu kama mkuu wa kaya. Yeye mwenyewe: darasa la tatu, mfyatua matofali. Mke: hakusoma, ni mulimaji. Pélagie alikuwa nyuma yake, mtoto mgongoni. Akasogezewa kidau cha wino, akatia kidole gumba.

Tangu hapo, kila siku ya kupokea posho, mwanamke huyo huyo alitia kidole gumba. Kesho yake alirudi kwenye kituo cha afya akaandika majina ya wagonjwa themanini kwa mwandiko ulionyooka kama uzi. Shirika la afya lilikuwa limeiona diploma yake likampa kazi ya kupima watoto na kufunga vidonda, kwa malipo ya kujitolea. Ofisi ya kambi haikuiona. Kati ya ofisi hizo mbili palikuwa na ua wa miti, na kila moja ilikuwa na Pélagie wake.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Miaka mitatu nyuma mwanamke mmoja, Cansilde, alivuja damu mikononi mwake kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita. Gari lilisubiriwa, daktari alisubiriwa, na Pélagie alijua la kufanya lakini hakuwa na ruhusa ya kulifanya. Baada ya maziko hakulia. Alinunua daftari la kurasa mia mbili akaanza kemia. Mwezi wa pili mwaka huu alikwenda Mbarara kufanya mtihani wa kuingia udaktari pamoja na watoto wa rika la binti yake, akawa wa sita. Kanisa moja la ng'ambo likakubali kumlipia miaka yote mitano. Kilichotakiwa kwake kilikuwa barua ya ukurasa mmoja kutoka ofisi ya kambi.

Njiani kurudi nyumbani, walipofika penye migomba ya jirani, Pélagie alisimama kutoa jiwe kwenye kiatu.

"Ni weye ulijibu," alisema, akiwa ameinama. Halafu akavaa kiatu wakaendelea.

*

Salvator, yule mkalimani, siku hizi alikuwa akichaji simu za watu kwa sola pale kwenye maduka. Alikuwa na ubao wenye matundu thelathini na simu thelathini zimelala juu yake kama samaki wa kuanikwa. Kalume alimkuta akifuta vumbi kwenye kioo cha sola kwa shati kuukuu.

"Ndugu yangu, ile siku ya kuandikwa, weye njo uligeuza maneno yangu."

"Niligeuza maneno ya batu mingi."

"Uniandikie karatasi. Useme mimi nilisema muke wangu ni infirmière, weye ukageuza vibaya. Kosa la mukalimani. Hakuna mutu atakufunga juu ya kosa la miaka kumi na mbili."

Salvator alicheka, lakini hakuwa na furaha. Akavuta kigoda akamkaribisha Kalume kukaa, yeye akabaki amesimama.

"Kalume. Mwaka ule niligeuzia familia mia tatu na kitu. Unajua nilipata walimu wangapi? Hakuna. Bauguzi? Hakuna. Toka Uvira mpaka Fizi, hakukuwa mutu aliyeona ubao na macho yake. Mimi nilikuwa nageuza, karani anaandika, mulimaji, mulimaji, mulimaji, mpaka akaniuliza, huko kwenu nani anawasomea Biblia? Sasa nikisema nilikosea kwa muke wako, Madamu ataniuliza, na hawa wengine?"

"Utakuwa umeokoa mutu moja."

"Na kuzika mia tatu. Kisha hata mimi jina langu liko kwenye liste. Unataka nibaki hapa nikichaji simu mpaka nife?"

Mteja alikuja kuchukua simu yake. Salvator alimpa, akapokea sarafu, akamsubiri aende.

"Acha nikuambie kitu, usikasirike," alisema, sauti sasa iko chini. "Wote mulisikia ile habari. Lakini wenzako walikuwa wanageuka nyuma kwanza, wananong'onezana na bake zao. Tuseme ao tusiseme? Weye hapana. Karani aliuliza, na mama? Hata sikumaliza kugeuza. Ukawa umekwisha kujibu."

"Foleni ilikuwa ndefu."

"Ilikuwa ndefu kwa kila mutu."

Kalume alirudi kwa njia ya ziwani, ingawa ilikuwa mbali zaidi. Alikuwa na maneno ya kuwatukana wakubwa tangu hapo mpaka Kampala, na aliyatamka yote kimoyomoyo, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha. Yalipoisha kikabaki kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Kule Fizi, watu walikuwa wakimwita mume wa infirmière, mume wa muuguzi. Mgeni akiulizia nyumba yake, alielekezwa kwa jina la mkewe. Na siku ile ya foleni, karani alipomaliza kuandika, Kalume aliona ile fomu. Kusoma hakujua vizuri, lakini tarakimu alizijua: kwenye mstari wake tatu, kwenye mstari wa mkewe sifuri. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

*

Jumanne jioni waliketi kuzungumza. Walioketi kuzungumza ni Kalume na binti yake mkubwa, Sonia. Pélagie alikuwa kwenye mkeka anachambua maharage, na wadogo wawili walikuwa nje.

Sonia alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa amekwisha kuwaaga marafiki zake mara mbili, mara moja mwaka juzi na mara moja mwaka jana, kwa keki na picha na machozi. Mara zote mbili safari iliahirishwa, akarudi shuleni kukaa kwenye dawati lile lile. Wavulana walimwita Mkanada. Ukimtuma dukani, muuza duka alimuuliza kama huko kwao theluji imeanza.

"Papa, mimi mwezi wa kumi na moja nafika kumi na nane," alisema. "Bananitoa kwenye faili yenu. Nafunguliwa yangu, naanza chini kabisa. Peke yangu. Unajua wasichana wa faili ya mutu moja vile bako hapa? Unabajua."

"Najua."

"Kama faili inafungwa sasa hivi, mimi njo nimekufa."

"Mama yako alipita mutihani ya udakitari," Kalume alisema. "Wa sita. Mutu wa kambi nzima hii hajafika pale."

"Huko Kanada mashule iko mingi."

"Huko ataanza na kusafisha bazee, miaka kumi. Hapa kuko shule moja iliyomukubali kwa jina lake."

"Miaka mitano, Papa. Mitano. Atatoka na arobaini na sita."

Mama Ezira, jirani, alikuwa amekuja kuomba chumvi na alikuwa hajapewa, au alikuwa amepewa na hajaondoka. "Arobaini na sita?" alisema kutoka mlangoni. "Atakuwa dakitari ao mugonjwa?"

Sonia alicheka kabla hajajizuia. Hata Kalume alitikisika mabega kidogo. Pélagie naye alitabasamu, kwa adabu, kama anavyotabasamu mtu aliyekanyagwa mguu kanisani.

"Mama Ezira, chumvi iko kwenye kopo," alisema. "Beba yote."

Jirani alipokwenda, Sonia alianza kulia. Alisema kwamba baba yake siku zote alikuwa akisema watoto kwanza, na leo watoto wamekuwa wa mwisho. Alisema kwamba kama ni kosa, lilikuwa la wakubwa, na ni ajabu kuwa wanaolipa ni wale waliokuwa mgongoni au wameshikwa mkono siku hiyo. Kalume alisema kwamba nyumba haiwezi kusimama juu ya uongo. Akajiona amesema kama mchungaji, akaona haya, akaongeza kwamba hajui.

"Mimi—" Pélagie alianza.

"Ngoja kidogo, Mama Sonia. Acha nimalize na mutoto."

Pélagie akarudi kwenye maharage yake. Alipata jiwe, akalitupa nje kupitia mlango, akatafuta jingine.

*

Jumatano walikwenda Mbarara. Walitembea mpaka Rwekubo, wakapanda gari la kwanza, na saa tatu walikuwa mbele ya dirisha la chuo. Karani wa dirishani alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimtazama Kalume kwanza.

"Mzee, wewe ndiye unataka kusoma udaktari?"

"Hapana. Ni muke wangu."

"Wewe umekuja kufanya nini?"

"Kumusindikiza."

"Basi msindikize mpaka pale kwenye benchi, ukae. Hapa nasikiliza mwanafunzi."

Kalume alikaa kwenye benchi. Kutoka hapo hakusikia yote. Alimwona mkewe akionyesha diploma, akionyesha karatasi ya matokeo, akieleza kwa mikono yote miwili. Karani alikuwa akitikisa kichwa polepole, bila ubaya wowote, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisikia neno Ijumaa. Alisikia kwamba kuna kijana wa miaka kumi na tisa nyuma yake kwenye orodha, ana barua zote, na baba yake anapiga simu kila asubuhi. Pélagie alishukuru. Alishukuru mara mbili, kisha akakusanya karatasi zake akazirudisha kwenye mfuko wa nailoni, kila moja mahali pake.

Hawakutaka kurudi bila kumwona Ramathan, kwa hiyo wakaenda mpaka geti la kambi ya jeshi ya Makenke. Ramathan alikuwa sajini, muuguzi wa jeshi, miaka arobaini na minne. Yeye na Pélagie walikutana kambini kwenye chanjo ya surua, wakagundua kwamba wote wawili wana wazimu mmoja. Kwa mwaka mzima walikuwa wakitumiana maswali ya kemia kwa simu. Yeye alishika nafasi ya kumi na moja, na nafasi yake ilikuwa imethibitishwa.

Aliwapeleka kwenye kibanda cha chakula ng'ambo ya barabara, akawaagizia matoke na mchuzi wa njugu bila kuwauliza.

"Mimi ilikuwa rahisi," alisema, na kwa sura yake ilionekana kwamba anaona aibu ya urahisi huo. "Nilienda kwa mkubwa asubuhi. Nikasema, afande, nataka kusoma udaktari. Akasema, wewe mzee, kichwa yako bado inashika? Nikasema inashika, afande. Akapiga stampu amesimama. Hata chai yake haikupoa."

"Wewe uko na mkubwa," Pélagie alisema. "Mimi niko na bakubwa."

Ramathan alicheka sana. Akamgeukia Kalume. "Mzee, huyu mama ananishinda kemia, unajua? Mimi nakariri. Yeye anaelewa. Kama yeye anabaki na mimi naingia, hiyo ni wizi."

Walimaliza kula. Kalume alitia mkono mfukoni, na Ramathan akamshika mkono huo ungali mfukoni, akautuliza hapo hapo. Alifanya hivyo kwa upole, lakini mwenye kibanda aliona, na Kalume alijua kwamba ameona.

Pélagie alipokwenda kunawa, Ramathan alisogeza kiti.

"Mzee, mimi nakwambia kama ndugu. Mimi ni mtu wa jeshi miaka ishirini na mbili. Kosa ukiikubali mapema, wewe mwenyewe, kwa mdomo yako, adhabu inakuwa ndogo. Ukisubiri wakushike, inakuwa kubwa. Nenda kwa yule madamu. Sema, mimi ndiye nilidanganya, mke wangu hana makosa. Mwanaume abebe. Atatoa barua."

"Na ndege?"

"Ndege itachelewa. Lakini watu wakisema ukweli, wanaangaliwa na huruma. Hata jeshini."

Kalume alimwamini. Alikuwa na kiu ya kumwamini mtu mwenye sare, baada ya maisha mazima ya kuwaogopa. Na neno abebe lilimwingia. Alijiona akisimama mbele ya meza ile ile kama mwanaume, akirudisha alichochukua. Njiani kurudi alimtazama mkewe aliyesinzia dirishani, mfuko wa nailoni mapajani, akakusudia kutomwambia kitu mpaka barua iwe mkononi.

*

Alhamisi alifyatua matofali mia moja na hakuna aliyejua kwamba anaaga kitu. Pélagie alirudi jioni kutoka kituoni, akapika, akakaa na daftari lake bila kulifungua. Mara moja aliinua uso, akasema, "Baba Sonia, kesho jioni nataka tuongee, sisi bawili." Kalume akasema sawa. Alidhani kesho jioni atakuwa na cha kumwonyesha.

Ijumaa alikuwa wa kwanza ofisini na wa kumi na nne kuingia, kwa sababu askari wa mlangoni aliwaingiza kwanza wale waliojua jinsi ya kumsalimia. Ilikuwa saa tano na nusu. Hakuketi. Alivua kofia, akasema yote kwa pumzi moja, kama mtoto anayetumwa dukani vitu vingi. Kwamba yeye ndiye aliyejibu. Kwamba mkewe alikuwa nyuma na mtoto mgongoni. Kwamba alisema mulimaji naye ni muuguzi, na diploma ni ya kweli, na kama kuna adhabu, apewe yeye.

Kyomuhendo alisikiliza. Kwa mara ya kwanza aliweka kalamu chini.

"Umekuja mwenyewe?"

"Mwenyewe, Madamu."

"Wengi hawaji." Akaanza kuandika kwenye kompyuta. Mashine pembeni ikatoa karatasi, yenye joto, akamsomea kwa Kiswahili kila mstari, taratibu, hata akamuuliza kama anataka kubadilisha neno. Kalume hakubadilisha. Alipewa kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, zote sita, na alipomaliza alihisi mgongo umenyooka.

"Sasa, Madamu, barua."

"Barua gani?"

"Ya chuo. Saa kumi na moja inafungwa. Kama naondoka sasa hivi na bodaboda mpaka Rwekubo—"

Kyomuhendo alimtazama kama anayetafuta njia fupi ya kueleza jambo refu.

"Mzee, faili yenu sasa iko kwenye uchunguzi. Umeifungua wewe, na sahihi yako. Faili iliyo kwenye uchunguzi mimi siwezi kuiandikia barua yoyote. Wala ya chuo, wala ya ndege. Hata mtoto akitaka barua ya kubadilisha shule, siwezi."

"Ulisema tukuletee ukweli."

"Nilisema halafu tutaona. Nilisema nitaandika? Nilisema hivyo?"

Hakusema hivyo. Kalume alirudisha maneno yake nyuma, mpaka Jumatatu, na kweli hakusema hivyo.

"Uchunguzi unaishaka lini?"

"Unatoka hapa unaenda Kampala. Kuna ule wa mwaka wa kumi na tisa bado uko huko." Akaisukuma karatasi ndani ya jalada, na sauti yake ikalainika kidogo, labda kwa huruma, labda kwa kuchoka. "Umefanya vizuri kusema ukweli, mzee. Asante. Lakini ukweli nao una taratibu zake."

Askari alikuwa amekwisha kumwita wa kumi na tano.

*

Kituo cha afya kilikuwa na siku ya kupima watoto. Akina mama walikuwa wamepanga mstari kutoka barazani mpaka kwenye tangi la maji, watoto wakilia kila mmoja kwa sauti yake, na Pélagie amesimama kwenye mizani ya kuning'inia, koti jeupe lenye kiraka begani. Alikuwa akimtia mtoto kwenye kikapu cha kitambaa, anasubiri mshale utulie, anataja kilo, anaandika, anamtoa. Kalume alikuja mpaka karibu na meza. Akina mama walinyamaza, maana mwanaume haji pale isipokuwa mtu amekufa.

"Nilienda kwa Madamu," alisema. "Nimesema ni mimi."

Pélagie alishika mshale kwa macho. "Kilo sita na nusu," alisema. Akaandika.

"Nilitaka ikuwe barua. Nilitaka nikuletee mu mukono. Bamefunga faili. Yote. Shule na Kanada." Alitaka kuendelea na wale wakubwa, na ujanja wao, na jinsi yule msichana alivyompa kalamu kwa heshima kama anayempa kiti. "Nimesaini," alisema.

Mkewe alimtoa mtoto kikapuni, akamrudisha kwa mama yake, akamwonyesha mama jinsi ya kumfunika kichwa. Akafuta mikono yake kwenye koti, upande mmoja, upande wa pili.

"Juzi usiku sikulala," alisema. "Jana nikakata shauri. Njo maana nilisema leo jioni tuongee. Nilitaka kukuambia, kisha tumwambie Sonia."

"Ulikata shauri gani?"

Pélagie alikuwa akimtazama usoni, bila hasira, kama anavyomtazama mgonjwa aliyeletwa akiwa amechelewa, na mgonjwa mwenyewe bado hajui.

Mama aliyekuwa mbele ya mstari alisogea na mtoto wake, akasita, hajui kama amwinue au amshushe. Pélagie alinyoosha mikono akampokea. Alimtia kikapuni, akamtuliza miguu, akasubiri mshale.

"Shule ao batoto?" Kalume aliuliza. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia, na mstari mzima uliisikia. "Mama Sonia. Ulikuwa umechagua nini?"